Mwaka Ambao Hakuna Aliyeanguka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa ikinijia huwa natafuta kitu cha kushika, kikombe au fimbo. Ilikuwa zamani za Mjerumani, reli imekwisha kufika Morogoro, nami nilikuwa kijana niliyeamini kwamba jambo likiandikwa vizuri basi limekwisha kuwa kweli. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kwa jumbe wetu wa Bigwa na daftari kwapani, na ndani ya daftari mlikuwa na ukurasa mtupu. Nilikuwa na furaha kuliko bwana harusi.

Najua unajiuliza ukurasa mtupu una furaha gani. Nitakueleza, usiwe na haraka.

Kabla ya reli, barabara yetu ya kutoka milimani kwenda mjini ilikuwa njia ya miguu tu. Kina mama walishuka na ndizi na maharage vichwani, wakapanda na chumvi, na wakikutana walipishana kwa salamu. Reli ilipofika, stesheni ikataka chakula, ikataka kuni, ikataka mbao, na vyote hivyo vikawa vinashuka kwa mikokoteni. Mkokoteni mtupu ni kitu cha mchezo. Lakini mkokoteni uliojaa viazi, kwenye mteremko wa Bigwa, mvua ikiwa imetoka kunyesha, ni mnyama mwingine kabisa. Wale wawili wanaousukuma hugeuka kuwa wawili wanaoukimbiza. Watu wakaanza kugongwa, wengine wakaruka pembeni na kuvunjika mikono, na mizigo ikawa inaishia mtoni.

Jumbe wetu alikuwa mtu mpole, ila alikuwa na woga mkubwa wa bomani. Alitaka kujua kila mwaka ni watu wangapi wameumia barabarani, na kama wanazidi au wanapungua, ili akiulizwa awe na jibu. Akanipa mimi kazi hiyo kwa sababu nilijua kuandika.

Hapa nikiri jambo. Kuandika sikufundishwa na mtu. Herufi nilizisoma kwenye magunia na masanduku ya stesheni, nikazichora mchangani mpaka zikanikubali. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu moja isiyomtoka: anaogopa siku itakapogundulika kwamba alijifunza vibaya. Kwa hiyo kila kitu changu kilikuwa lazima kinyooke. Mistari niliipiga kwa kipande cha tete. Tone la wino likidondoka, nilinakili ukurasa mzima upya, na nikimaliza nilirudi kuutazama mara nne, mara tano, kama mama anayechungulia mtoto aliyelala.

Kila aliyeumia nilimchorea kijiti kimoja, yaani mstari mdogo uliosimama. Kila mwaka ulikuwa na ukurasa wake. Mwaka wa kwanza vijiti vilijaa pande zote mbili, nami niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyewagonga. Nikamwomba jumbe tuweke amri: anayepanda ashike upande wa mlima, anayeshuka ashike upande wa mto, na atakayeumia akiwa upande usio wake afyeke nyasi za barabara siku tatu. Jumbe akaona ni jambo la maana, na kila mkosaji akawa anaitwa kwake. Wewe hujui, mwanangu, uzito wa kuitwa kwa jumbe zamani zile. Ukiitwa kwa jumbe, roho yako ilikuwa imekwishatangulia bomani.

Tangu hapo mtu akianguka nilifika mbio na daftari langu, na swali langu lilikuwa moja tu: "Ulikuwa upande gani?"

Sikusema pole. Si kwamba nilisahau. Nilifikiri kwa akili yangu ile ya ujana kwamba nikimpa pole mtu aliyevunja amri, nitakuwa nimemwambia amefanya vema. Hebu fikiria! Kwetu mtu akijikwaa kwenye jiwe mita chache mbele yako, humjui wala hakujui, unampa pole. Mimi nilikuwa mtu pekee katika mlima ule aliyeiweka pole mfukoni.

Wasukuma mikokoteni walinipa jina. Aliyelianzisha alikuwa Shomari, kijana mwenye mabega mapana na mdomo usio na mlango. Nikitokea barabarani alipaza sauti, "Simameni wima jamani, Bwana Vijiti huyo!"

"Shomari, uko upande wa mlima na unashuka," nilimwambia siku moja.

"Mimi niko upande wangu, bwana. Mlima ndio umehama."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaachia mpini. Mimi sikucheka. Nilishika kalamu.

"Usiniandike bado," akasema Shomari. "Ngoja nianguke kwanza, nisikupe kazi bure."

Mwaka wa pili vijiti vilijaa upande mmoja tu wa ukurasa. Mwaka wa tatu vilikuwa mistari michache juu ya ukurasa. Mwaka wa nne, mwanangu, ukurasa ulikuwa mweupe toka mvua za kwanza mpaka mavuno. Hakuna hata mmoja aliyekuja kusema ameanguka. Nilipouliza, watu walinijibu, "Salama tu, Bwana Vijiti, salama kabisa." Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka sana kuamini.

Nikuambie na hili, hata kama linanichoma. Mwaka huohuo mimi mwenyewe nilianguka. Fundi mmoja wa stesheni aliniazima baiskeli yake nijifunze. Nikashuka nayo mteremkoni, katikati kabisa ya barabara, miguu juu, nikaingia kwenye vyungu vya bibi mmoja aliyekuwa anapumzika kando ya njia. Vyungu vitatu vikavunjika, goti langu likapasuka. Bibi yule alinifuta damu kwa upande wa kanga yake na kuniambia pole, mjukuu wangu. Nikarudi nyumbani, nikafungua daftari, nikashika kalamu, nikalifunga. Kijiti kile sikukiandika. Nilijiambia baiskeli si mkokoteni.

Basi nikafika kwa jumbe na ukurasa wangu mweupe. Jumbe aliuinua mbele ya wazee waliokuwa barazani, akaugeuza huku na huku. "Mwaka mzima!" akasema. "Mwaka mzima hakuna aliyeanguka." Wazee wakanipa mkono. Nikaondoka nimevimba, nikaenda moja kwa moja nyumbani kumwambia dada yangu.

Dada Mwanahawa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Tuliishi ua mmoja, yeye na wanawe nyumba kubwa, mimi kibanda cha pembeni. Ndiye aliyekuwa akishuka na ndizi kila gulio. Wiki hizo alikuwa hashuki; alisema jembe limemkata mguu. Niliamini, maana jembe halikuwa kwenye daftari langu.

Nilimkuta amelala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mguu ulikuwa umefunikwa kwa kanga, na harufu iliyotoka chini ya ile kanga, mwanangu, sitakueleza. Pembeni yake alikaa mjomba wetu Kobelo, kaka wa marehemu mama. Na mlangoni, nyuma yangu, akatokea Shomari na kibuyu cha asali. Aliponiona alishtuka kama mtu aliyekanyaga moto.

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Dada ana nini? Si ni jembe?"

"Marahaba. Si jembe," akasema mjomba. "Ni mkokoteni. Pale kwenye kona ya mto, siku kumi na zaidi."

"Mkokoteni wa nani?"

"Wangu," akasema Shomari. Sauti yake ilikuwa ndogo; sikujua kama ana sauti ndogo. "Ulinishinda. Nimekuja kila siku kumtazama, wewe ukiwa barabarani. Asali hii ni ya kidonda."

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulikwisha kuzoea. Kabla ya kumtazama dada yangu usoni nilisikia ninauliza, "Alikuwa upande gani?"

Mjomba alinitazama mpaka nikatamani ardhi inifiche. Kisha akasema taratibu, kama anamwambia mtoto mdogo jina la kitu:

"Alikuwa upande wa wanaopanda, na alikuwa anashuka. Upande wa mto ulikuwa umemeguka kwa mvua. Amekuficha kwa sababu alijua utamwandika, na ukimwandika atafyeka nyasi na mguu huo. Akasema pia ukurasa wako ni mzuri mwaka huu, hataki kukuharibia."

"Mjomba, mimi sikujua..."

"Hukujua. Watu wanaanguka barabara ile kama zamani, mpwa wangu. Kilichokoma ni kukuambia. Yule mama wa misheni aliyevunjika mkono, ulimwandika? Yule mzee wa kuni je? Na wewe mwenyewe, siku ya vyungu vya yule bibi, ulijichorea kijiti gani?"

Dada akafumbua macho, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, usilie. Ukurasa ulipendeza?"

Nilitoka nje.

Mjomba hakuniacha nikae na aibu yangu; alinirudisha ndani. "Utajuta baadaye," akasema, "sasa shika upande huo wa mkeka." Shomari alileta mkokoteni uleule, tukatandika majani ya migomba na mablanketi, tukamlaza dada, tukaanza kumpandisha kwa masista wa misheni. Njiani Shomari alikuwa mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma, na kila tulipopishana na mtu alisimama akasema, "Poleni. Poleni sana." Nilihesabu pole zile mpaka nikashindwa. Masista walikisafisha kidonda, wakakata vidole viwili vilivyokuwa vimeoza, wakasema tungechelewa siku mbili zaidi, mguu ungekatwa, au tungemzika. Nilikaa mlangoni kwao siku saba. Homa iliposhuka dada aliomba uji, nami nikajua atabaki nasi.

Nikarudi Bigwa. Siku ya gulio nikasimama pale mikokoteni inapopumzikia, nikafungua daftari, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilisoma kijiti cha kwanza cha mwaka ule, nilichokuwa nimekiandika usiku uliotangulia: kijana wa Bigwa, juu ya baiskeli ya kuazima, katikati ya barabara, vyungu vitatu na goti moja.

Shomari akauliza, "Na miguu yako ilikuwa upande gani?"

"Juu," nikasema.

Mwanangu, walicheka! Yule bibi wa vyungu alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Alikuja kama kunguru aliyenyonyolewa, huyu!" Nami kwa mara ya kwanza nikacheka nao. Nikawaambia hakuna atakayefyeka nyasi kwa sababu ya kuumia, nitasimama mwenyewe mbele ya jumbe kwa hilo. Kisha nikamgeukia mama aliyevunjika mkono, nikamwambia, "Pole, mama. Unauma bado?" Akaniambia ulivyouma, na wapi, na jinsi ilivyokuwa. Akafuata mzee wa kuni. Wakafuata wengine. Mpaka jua linapinduka ukurasa ulikuwa umejaa pande zote mbili, na nikalazimika kuanza mwingine. Wino ulidondoka mara kadhaa. Sikuunakili.

Kumpelekea jumbe ukurasa ule kulikuwa kugumu kuliko kupanda na dada. "Unataka kunimaliza," alisema. "Juzi nimeonyesha mweupe, leo umeniletea wa namna hii? Watasema watu wanaumia kuliko mwaka wa kwanza."

"Hatujui kama wamezidi, jumbe. Zile kurasa za mwaka wa pili na wa tatu ni uongo wangu. Ila tazama hapa." Nikamwonyesha. Kwa kuwa safari hii nilikuwa nimewasikiliza watu, kila kijiti kilikuwa na mahali pake, na zaidi ya nusu vilisimama mahali pamoja: kona ya mto, palipomeguka. Upande haukuwa na kosa wala heri. Barabara ndiyo ilikuwa imekwisha.

Jumbe alivaa viatu tukaenda kuiona. Ile nguvu ya kufyeka nyasi ikahamishiwa kujaza mawe pale kona, na kina mama wakachimbiwa kijia chao juu, mikokoteni isikofika. Shomari na wenzake wakakubaliana kila mkokoteni unaoshuka na mzigo ufungwe gogo nyuma kwa kamba, liburute chini na kuushika. Ukurasa wa mwaka uliofuata haukuwa mweupe. Ulikuwa na vijiti vichache, vimepinda, na kila kimoja kilikuwa cha kweli. Dada alirudi kushuka kwa fimbo, polepole, bila mzigo, ili kupiga soga tu sokoni.

Sasa wewe, mwanangu, unayeanza kazi yako, na barabara za siku hizi zina vyombo vyenye mbio kuliko mikokoteni yetu, nisikilize. Ukipewa kuangalia usalama wa watu, usiipende hesabu ndogo kuliko unavyowapenda watu wanaohesabiwa. Ukiona idadi imeshuka, kabla ya kufurahi, tembea uulize kama watu bado wanakuambia. Aliyeumia mpe pole kwanza, mkalishe, mpe maji. Ya upande na ya kosa yatakuja yenyewe akishaona huji kumkamata. Makosa yako yaandike ya kwanza, tena kwa mwandiko unaosomeka. Na wewe uliye na moyo kama wangu, unayerudia kazi mara tano kwa hofu, usiogope ukurasa wenye doa. Mwenzako akiwa mzima, doa litakauka.

Mungu akufungulie njia zako zote. Unaposhuka, miguu ipate pa kukanyaga. Unapopanda, apatikane wa kukusukuma. Utokapo nyumbani uage, na wote unaowaaga wakuone tena umerudi mzima. Amina.