Bakuli la Mama Joselina

Harufu ya muhogo uliovundikwa hunirudisha kijijini kwetu Makere hata nikiwa kwenye gesti ya mji nisioujua. Ni harufu chachu, ya makopa yanayokauka juani, na nyuma yake nasikia mchi ukitwanga ng'ambo ya migomba yetu. Huko aliishi Mama Joselina, mkimbizi wa Burundi ambaye baba alimpa kibanda na kipande cha shamba katika miaka ile ya tisini, wenzake wengi walipokuwa kambini. Binti yake Joselina alikuwa rafiki yangu. Tulikula sahani moja na kulala mkeka mmoja.

Kwetu, unga uliazimwa kwa chombo cha mwazimaji. Mama Joselina alileta bakuli lake la bati lenye ua jekundu, mama akalijaza, na yeye alipopata unga wake alilirudisha likiwa limejaa vilevile. Sisi tulimrudishia bakuli, lakini halikurudi tupu: tulitia maharage kidogo au ndizi mbivu. Mizani hatukuwa nayo. Kujaa kulitosha.

Kiangazi kimoja mama alichota unga wa chini ya gunia, uliokuwa umelaliwa na mizigo mingine kwa muda mrefu. Nililibeba bakuli kichwani hadi kwa Mama Joselina, na siku ya kurudishiwa nikatumwa kulichukua. Nilipofika uani nikasema, bila nia yoyote, "Mama, mbona leo ni jepesi?"

Mama alilipima kwa mikono, kisha akaligonga-gonga chini. Unga ukadidimia, ukingo ukabaki wazi. "Umeona, Skola? Katujazia upepo!"

Mama Joselina aliitwa, akaja na vumbi la unga bado kwenye nyusi. "Mama Skola, Mungu ananiona. Nimeuchekecha sasa hivi."

"Na huko kuchekecha ndiko ulikotupunja!"

"Labda kwao bakuli hujazwa kwa macho," jirani mmoja akadakia, na waliokuwa uani wakacheka. Nami nikacheka. Joselina alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, akaniona.

Tangu hapo hawakuja tena kwetu. Kisha, darasani, mwalimu wa sayansi akaweka mezani makopo mawili yanayolingana, moja la mchanga, moja la maranda ya mbao. Akauliza lipi limejaa zaidi. Tukapiga kelele kwamba yote yamejaa. Akatuita tuyanyanyue. Nyumbani, akasema, tunaita uji mzito na mzigo mzito, tukaishia hapo. Sayansi inauliza, mzito katika nafasi kiasi gani? Hiyo ndiyo densiti. Kisha akashindilia maranda kwa kidole gumba, yakashuka, kopo likapata nafasi ya kuongeza mengine. Nilitazama kile kidole, nikalikumbuka bakuli. Unga wetu ulikuwa umeshindiliwa na gunia. Wa kwao ulikuwa umetoka kwenye chekeche, umejaa hewa. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yote mdomoni. Mama alikuwa anapalilia, uso umekunjamana, nami nikaona nitasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Asubuhi moja mchi haukusikika. Mama Joselina alikuwa amemchukua Joselina na kwenda kambini, upande wa Kibondo, akaiacha nyumba aliyopewa kwa wema na kuondolewa kwa kicheko. Bakuli lake lilibaki kwetu.

Shule niliiacha mapema. Nimeuza dagaa, nimepika migahawani, nimekaa Kasulu, Kakonko na kwingine nisikokumbuka vizuri, nikiuliza kila fundi chombo chake hufanyaje kazi. Siku hizi nanunua unga wa pakiti, kilo imeandikwa ubavuni, na hakuna jirani wa kugombana naye. Lakini bakuli nimehama nalo kote. Ua jekundu limebanduka nusu. Kila ninapofika mji mpya hulijaza unga, nikaushindilia kwa kiganja hadi usishuke tena, nikaliweka karibu na mlango. Halipaswi kurudi tupu.