Nilikwenda Mbuba, Akili Ikaenda Zanzibar

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana huko Mbuba bado linasimuliwa, na kila likisimuliwa mimi nazidi kuwa mjinga. Ni kweli. Mimi Mama Kulwa, fundi cherehani wa Biharamulo mjini, mtu mzima na akili zangu, nilisimama mbele za watu nikamchagulia mdogo wangu mchumba ambaye siye.

Yote yalianza na likizo. Miaka kumi na sita ya ndoa, mimi na Baba Kulwa hatujawahi kuiona bahari (ziwa tumeliona, msinicheke), na mwaka huu tukasema tunakwenda, ila wapi? Yeye anataka Tanga, kwa sababu ya reli na bandari na zile nyumba za Wajerumani, nikamwambia boma la Mjerumani si tunalo hapa hapa, unaliona kila siku. Mimi moyo wangu uko Zanzibar, lakini sikusema wazi, nikajifanya bado nafikiria. Asubuhi ya posa ya mdogo wangu Masanja, tukiwa tunapanda gari kwenda Mbuba, kwao binti, akaniuliza mara ya mwisho. Nikamjibu ngoja, nitaamua huko huko. Kauli ndogo tu hiyo, ndiyo iliyonimaliza.

Sasa, desturi mnaijua. Wasichana wanatolewa ndani mmoja mmoja, wamefunikwa vitenge kichwa mpaka chini, na upande wa muoaji mnaulizwa, ni huyu? Kazi ya kujibu nilipewa mimi, na haikuwa bure. Mwanzoni mwa uchumba niliwahi kusema, tena kwa sauti, kwamba Masanja akaoe Msukuma mwenzake, na maneno yakamfikia Evodia, binti mwenyewe. Nilimwomba msamaha, akasema yamekwisha, ila ndugu wakaona siku hiyo nimpokee kwa mdomo wangu huu huu ili kila mtu asikie. Masanja akaninong'oneza, "Dada, angalia miguu. Atakuwa na viatu vyeupe."

Wa kwanza akatoka, viatu vyeusi, nikamkataa vizuri, watu wakafurahi. Halafu mzee mmoja wa kwao akaanza hotuba kwa Kihangaza, ndefu, na Kihangaza changu mimi ni cha kusalimiana tu. Upepo ukawa unapita taratibu kwenye migomba, turubai linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, nami nikaondoka pale kitini bila kunyanyuka. Nikawa kwenye vichochoro vyembamba, milango mikubwa ya mbao iliyochongwa, harufu ya karafuu (karafuu nazijua za kwenye pilau tu), na mwisho wa kichochoro maji ya bluu yametulia, yananisubiri. Nikapita Tanga kidogo kwa ajili ya Baba Kulwa, nikakaa naye kivulini tukitazama meli, nikaona pazuri, lakini nikarudi zangu Zanzibar. Na ile bluu ikawa inanisogelea, inasogea, hadi mbele yangu kabisa, na sauti kwa mbali ikauliza, ni huyu?

"Ndiye huyu," nikasema. "Sitaki mwingine."

Vigelegele. Upande wetu ukasimama kumtunza, mimi mwenyewe nikamkumbatia, na ndipo nilipoangalia chini nikaona miguu pekupeku, visigino vimepasuka. Kitenge cha bluu kikafunuliwa. Alikuwa bibi yake Evodia, waliyemweka kwa utani, hana meno ya mbele, anacheka. Kwa mshtuko nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, wifi yangu."

Watu walicheka hadi kulia, na mimi ningecheka nao, ila mama yake Evodia akatoka ndani akasema binti amevua viatu, haji, anasema wifi alishasema hamtaki na leo amerudia hadharani. Kicheko kikakatika. Nikamwangalia Masanja, ameshika kile kikasha cha pete, amekifunga. Roho iliniuma sana, niliona nimemvunjia mdogo wangu nyumba kabla hajaijenga.

Nikaenda mpaka mlangoni, nikapiga magoti na gauni langu jipya.

"Evodia, wifi yangu, sikukukataa. Sikuwepo hapa. Nilikuwa Zanzibar."

Nikaeleza yote, likizo, Tanga, meli, mpaka karafuu, na uwanja mzima unasikiliza. Nyuma yangu nikamsikia Baba Kulwa akisema taratibu, "Kumbe ulishaamua." Halafu Evodia akauliza kutoka ndani, sauti bado ya kilio, "Na bibi yangu je, unampeleka wapi? Si umesema hutaki mwingine?"

Akatoka, viatu vyeupe mkononi, akavalishwa pete hivyo hivyo.

Bibi naye hakuniachia mkono siku nzima. Alisema amechaguliwa mbele za watu na amekubali, kwa hiyo baharini tunakwenda naye, ila kwenye chombo cha majini yeye hapandi, wala ndege asitajiwe. Basi Disemba tunakwenda Tanga, watatu, na Baba Kulwa anamsalimia Bibi kwa simu kila wiki kwa furaha isiyo na aibu. Mimi nimeapa, nikipewa tena kazi ya kumtambua mtu, natazama miguu tu. Zanzibar nimeiona mara moja, pale Mbuba, na imenitosha.