Vifungo Saba vya Mama

Mama yangu ana miaka sabini na miwili, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo, kwa sababu kifungo alichokishona yeye hakidondoki. Shati litachakaa, kola italika, kifungo kipo palepale. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimlegeza mkono na mguu wa kulia. Akajikaza kisabuni. Cherehani ikafungwa mota, akajifunza kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto, na wateja wakarudi. Najivunia mama huyu, nasema wazi, ingawa kichwa chake ni kigumu kama pasi.

Shida yake ni asubuhi. Kutoka kitandani, kuoga na kuvaa hawezi peke yake. Nilikuwa namwandaa mimi kabla ya kukimbilia zamu, maana nafua mashuka ya hospitali, na nilishaonywa mara mbili kwa kuchelewa. Kaka yangu, anayeishi mbali, alikuwa ameshakata shauri: asipopatikana msaidizi, Mama ahamie kwake na cherehani iuzwe.

Serikali ina mpango wa kuwapa wazee wenye ulemavu msaidizi wa nyumbani. Tukaomba, na afisa wa ustawi wa jamii akapangiwa kuja kumpima Mama.

Basi Mama akafanya alichofundishwa tangu utoto: mgeni anakuja, nyumba ing'are. Alinihangaisha tangu alfajiri, nimvike gauni la kijani, nimchane, nikafiche fremu yake ya kutembelea nyuma ya mlango. Nikaenda kazini. Afisa alipofika alimkuta amekaa kitini kama bibi harusi.

"Mama, unavaa mwenyewe?"

"Nimevisha mtaa mzima, mwanangu. Nishindwe kujivisha mimi?"

Haya Mama alinisimulia mwenyewe jioni, tena akicheka. Baada ya wiki mbili ikaja barua: mwombaji anajiweza, hahitaji msaidizi. Damu ilinichemka.

"Mama, umejiponza!"

"Ulitaka nimlilie mtu nisiyemjua?"

Kaka akapiga simu kuuliza cherehani ni ya mwaka gani. Mama alisikia. Usiku ule hakula, na asubuhi akaniambia nikate rufaa.

Siku ya kupimwa tena nilibadilishana zamu na mwenzangu. Afisa aliyekuja ni yuleyule, na alikuja saa moja kamili asubuhi. Mama alikuwa kitandani na nguo ya kulalia, nywele hazijachanwa, fremu pembeni. Nilijua hilo lilivyomuuma. Mgeni alikuwa hajawahi kumkuta hivyo.

"Kaa hapo," alimwambia afisa. "Na wewe binti yangu, mikono nyuma. Asinisaidie mtu."

Kuinuka tu akae ukingoni mwa kitanda kulimchukua muda mrefu. Halafu akalivuta lile gauni la kijani, lenye vifungo saba mbele, akaingiza mkono mbovu kwanza, kisha mzima. Kifungo cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliteleza mara nne. Jasho lilimtoka. Afisa alinyanyuka nusu kutoka kitini.

"Nimesema kaa."

Akakaa. Mimi nilikuwa naangalia ukuta, machozi yananilenga, hasira nazo zipo.

Saa mbili kasoro, vifungo vitatu vilikuwa vimefungwa, na cha tatu kilikuwa kwenye tundu la nne. Afisa akauliza kwa upole, "Mama, si ungevaa tu nguo zisizo na vifungo?"

Mama alimtazama.

"Ungetaka kushonewa na fundi anayeogopa vifungo?"

Mama akashusha mkono mapajani.

"Basi andika. Andika hawezi kuvaa. Hawezi kuoga. Hawezi kutoka kitandani bila mtu. Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Sasa andika na chini yake: kushona anaweza. Usiache hilo."

Alikuwa hajawahi kusema neno hawezi mbele yangu, hata hospitalini. Siku ile alilisema mara tatu bila kuinamisha kichwa, na sijawahi kumwona mkubwa kama vile, na nguo yake imefungwa kombo.

Msaidizi alianza mwezi uliofuata. Ni mama wa makamo, mcheshi, anafika saa moja na kuondoka saa tatu. Siku ya kwanza Mama alimkagua sare yake, akakuta kifungo kinaning'inia.

"Wanakutuma kwangu hivi? Vua koti."

Akalibana koti kwenye kibanio cha mezani, akakikaza kifungo kwa mkono mmoja. Kisha akamgeukia, akainua kidevu na kusubiri. Yule mama akamfunga vifungo vyake vyote saba, kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni.

Kaka haulizi tena habari za cherehani. Mlangoni pana kibao kipya, maandishi ya mkono wa kushoto, yamepinda kidogo: FUNDI YUPO KUANZIA SAA TATU.