Baiskeli ya Baba katika Behewa la Mizigo

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nikikaa Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kisangani, kwa tonton wangu. Alikuwa kaka ya mama, fundi cherehani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kurani huko Ubundu, reli inakoishia. Alifundisha katika vijiji vitatu, na vyote alivizunguka kwa miguu. Ndipo tonton akamnunulia baiskeli nyeusi, yenye taa na kengele. Kwetu tunaiita kinga. Alinikabidhi niipeleke kwa treni, akanionya nisiipande hata kidogo. Alitaka baba ndiye awe wa kwanza kuikalia.

Alfajiri niliisukuma hadi stesheni. Baiskeli hazikuingia walimokaa watu. Zilipelekwa katika behewa la mizigo, zikafungwa karatasi ya namba kwenye usukani, na mwenye mali akapewa kipande cha pili. Aliyeipokea yangu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kazi iliyopauka. Wasafiri walimwita papa wa bagaji, yaani baba wa mizigo. Aliiegemeza ubavuni mwa behewa, akaifunga kamba, kisha akatafuta magunia matupu akazivisha pedali ili zisikwaruze wala zisikwaruzwe. Mimi mwenyewe sikuwa nimefikiria jambo hilo.

Katikati ya safari treni ilisimama kupakia kuni na maji. Hapo ilikawia, na watu wote walishuka kujinyoosha. Wasichana waliuza ndizi na kwanga, mkate wa muhogo, kando ya reli. Nikamwendea papa wa bagaji, nikamwomba anishushie kinga. Alikataa. Mzigo haukuruhusiwa kutoka kabla ya mwisho wa safari, na yeye ndiye angeulizwa. Nikamwambia kwamba tonton ameniagiza niijaribu njiani. Alinitazama, akacheka kidogo, akaishusha.

"Zunguka hapa tu, mbele ya macho yangu," akasema. "Na usikawie, mutoto."

Mzunguko wa kwanza niliupiga mbele ya macho yake. Wa pili nikaupeleka kwa wasichana, nikapiga kengele. Mmoja akacheka, nami nikageuza shingo nione kama ananicheka mimi. Gurudumu la mbele likavamia rundo la kuni. Nilipoinuka, rimu ilikuwa imepinda, kioo cha taa kimevunjika na rangi imechubuka.

Mzee hakunigombeza. Alinikaribisha ndani ya behewa lake, na njia yote iliyobaki aliibana ile rimu kwa magoti, akainyoosha kwa mikono mpaka gurudumu likazunguka, japo kwa kuyumba. Alisema nimweleze baba ukweli tu, kwamba nilianguka, maana hakuna aliyejifunza kinga bila kuanguka. Nikaitikia.

Ubundu nilimkuta baba amevaa kanzu yake nyeupe, pamoja na wanafunzi wake na jirani mmoja. Walikuja wote kuipokea kinga. Baba aliishika, akaona taa, akaniuliza imekuwaje. Macho ya watu wote yalikuwa kwangu.

"Watu wa treni waliiangusha," nikasema.

Baba alisema basi, itatengenezwa. Lakini yule jirani hakuridhika. Shefu wa stesheni, mkuu wa pale, Mzungu, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwetu. Jirani akamfuata, na mara papa wa bagaji akaitwa. Aliulizwa mbele ya watu nani ameangusha mali ya msafiri. Hapo nilielewa nilichokifanya. Akisema kweli, atakuwa amekiri kwamba alitoa mzigo njiani. Na ukweli huo wenyewe ungehitaji mimi niukubali. Alinigeukia akangoja. Mimi nikainama nikajifanya nafungua kamba ya kiatu.

"Ni mimi," akasema. "Ilianguka."

Alivuliwa kofia pale pale, akaambiwa tangu kesho atakuwa mbeba kuni.

Baba alihuzunika siku nyingi. Alisema hakutaka mtu ashushwe kazi kwa ajili yake, na kwamba mtu anayekiri kosa mbele za watu ni mtu mwema. Siku ya kurudi Kisangani alinipa kuku nimpelekee yule mzee.

Nilimkuta pale penye kuni, kichwa wazi, gogo begani, kati ya vijana wenye nusu ya umri wake. Nikamnyooshea kuku nikasema baba anamsalimu.

"Papa yako anajua?"

"Hapana."

"Bon. Huyu kuku iko ya mutu mwenye alivunja kinga. Miye sikuvunja."

Hakusema kwa hasira. Aliinua gogo lingine akaondoka. Kuku nikafika naye Lubunga, nikamwambia tonton kwamba ni zawadi yake kutoka kwa baba. Alichinjwa Ijumaa. Mke wa tonton alinipa firigisi kwa sababu ndimi niliyesafiri naye, nami nikaila.

Kwa miaka miwili, kila nilipopanda treni ile, penye kuni sikushuka. Nilikaa nikiipa dirisha mgongo. Huku nyuma baba alizunguka vijijini kwa kinga yake yenye kuyumba, akiwasimulia wanafunzi habari za mtu mkweli wa treni, na kila baada ya somo waliinua mikono wakamwombea dua. Siku moja nilikuwa nimeketi kati yao. Mikono yangu haikuinuka. Walipotawanyika nilimweleza baba yote, hata ya kuku.

Nilitazamia fimbo, au laana. Aliuliza neno moja tu.

"Jina lake nani?"

Sikulijua. Nilikuwa nimekaa naye ndani ya behewa nusu ya safari, magoti yetu yakigusana, na sikumwuliza.

Treni iliyofuata tuliipanda pamoja hadi penye kuni. Msimamizi alituambia mzee ameacha kazi tangu mvua zilipoanza, amerudi kwao, labda upande wa Banalia. Baba aliuliza jina. Wale wabeba kuni wakatazamana. Hata wao walimwita papa wa bagaji tu. Tulilala hapo kungoja treni ya kurudi. Baba alinigawia chakula chake kama kawaida, kisha akanigeuzia mgongo akalala.