Uso Mmoja wa Mjomba Nampunga

Enzi zetu pale Nachingwea, matrekta ya mradi wa karanga yakinguruma toka alfajiri, sisi wasichana tukitoka shule tulikimbilia kwa Mjomba Nampunga kunusa masizi. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa chapa za mbao. Kazi hiyo alijifunza vitani Burma, kwa mateka wa Kijapani ambaye Mjomba aliwekwa kumlinda. Mjapani yule kwao alikuwa bingwa wa chapa. Mjomba alichonga sura ya mtu kwenye ubao wa mninga, akaupaka masizi yaliyokorogwa na uji wa muhogo, akalaza juu yake karatasi ya mfuko wa saruji, akaisugua kwa kifundo cha majani ya mgomba. Akiibandua, mtu kahamia kwenye karatasi. Sisi, midomo imebabuka kwa mabibo, tuliamini hakuna wa kumzidi duniani.

Basi mama mdogo Somoe akachumbiwa na Issa wa Mbekenyera, mtu ambaye mama mdogo hakuwahi kumwona. Wazee wakamtuma Mjomba akamchonge uso, bibi harusi apate kumjua. Alikaa naye siku tatu, akarudi na picha: macho membamba, nyusi zimepanda, nywele zimefungwa fundo utosini. Mama mdogo aliitazama wiki nzima, akakubali.

Siku ya ndoa akaingia Issa, mnene, shingo fupi, macho kama ya bundi. Mama mdogo akachungulia, akarudi ndani.

"Namtaka wa kwenye karatasi," akasema.

Shekhe akaiomba karatasi, akamtazama Issa, akaitazama tena, akafunga kitabu. Mjomba akaitwa ajieleze.

"Mwalimu wangu alinifundisha uso mmoja," akasema kwa utulivu. "Wa pili hatukuufikia, vita ikaisha."

Wazee wakabishana hadi alasiri. Mmoja akashauri atafutwe Mjapani. Mwishowe Issa akavua kofia. Utosini hakuna hata unywele.

"Mjomba, lete masizi. Nipake hizo nyusi."

Akapakwa mbele ya wakwe, jasho jeusi likamchuruzika hadi kwenye kanzu. Mama mdogo, akichungulia tena mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwambieni shekhe afungue kitabu," akasema.

Siku hizi wajukuu zetu wanachumbiana kwa simu, wanatumiana picha zilizolainishwa mpaka pua zimepotea. Wakikutana wanalaumiana, kila mtu anarudi kwao. Sisi tulilaumiana hadi alasiri, kisha tukanawa mikono, tukala wali.