Baba wa Siku Moja

Hata leo, nikisikia harufu ya mabuyu yaliyotiwa iliki, roho huniuma kidogo.

Nilikuwa na miaka minane baba aliponipeleka mtaa wa Kuze kumtembelea dada yake. Shangazi alikuwa na binti wa umri wangu, aliyefiwa na babake angali mchanga. Alasiri baba alitutembeza sote wawili hadi Ngome ya Yesu. Vichochoro vilikuwa vyembamba, na binti yule aliniwahi kuushika mkono wa baba. Mimi nikafuata nyuma nikimumunya mabuyu, vidole vyote vyekundu.

"Mjomba," nikamsikia akisema, "nikuite baba, leo tu?"

"Niite, mwanangu."

Mwanangu! Mabuyu yakawa machungu mdomoni. Tangu hapo akawa anamwita kila hatua, hata pasipo na la kusema: baba, tazama mzinga, baba, tazama bahari.

Jioni tulipoaga, binti yule alisimama mlangoni akilia. Nami, msichana mkubwa wa kutembea mwenyewe, nikamwambia baba nimechoka, anibebe mgongoni. Akanibeba. Nikamkumbatia shingo kwa nguvu, kisha nikageuka kuhakikisha kwamba ananiona.