Mkebe Uliopiga Tiki-tiki

Wanzala alitengeneza saa kibandani mwake Kianda, Kibera, na hakupokea saa yoyote kabla ya kuiweka sikioni. Ikilia, ina uhai. Ikinyamaza, aliifungua.

Mwaka wa 1997 mkewe Phanice alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Jirani yao, Mwalimu Khamala, aliwasomea gazeti kuhusu nanoteknolojia: mashine ndogo kuliko viini vya maradhi, ambazo huenda siku moja zikashona mwili kutoka ndani. Wanzala, mtu wa magurudumu madogo tangu ujana, alisikia mashine. Hilo la siku moja lilimpita.

Basi alipomkuta Gachanja sokoni Kawangware akiuza unga wa kijivu, akiapa kwamba ni mashine hizo hizo, alishika mkebe kwa mkono wa kushoto, akauweka sikioni. Tiki, tiki, tiki. Akaununua, akamwambia Phanice kliniki ingoje.

Wiki tatu alimpaka. Phanice alilia kwamba unamchoma. Wanzala akamjibu kwamba mashine ziko kazini. Kidonda kikaoza, chumba kikanuka hadi chakula kikawa hakipiti kooni. Asubuhi moja alivua saa yake ya mkono ili aoshe usaha, kisha akainua mkebe asikilize kama mashine zimechoka. Kimya. Akavaa saa, mkebe ukalia. Akavua, ukanyamaza. Fundi mzima, kudanganywa na saa yake mwenyewe!

Majirani walimbeba Phanice hadi kliniki, na Wanzala akaenda Kawangware moja kwa moja. Gachanja hakuona haya hata kidogo.

"Mashine gani, mzee? Nanoteknolojia ni unga umesagwa laini sana. Iko kwa gazeti."

"Uliniambia ni mashine."

"Hiyo pia iko kwa gazeti."

Na kinachotia kinyaa zaidi, Khamala alikiri kwamba ni kweli: wataalamu wenyewe hulitumia neno hilo kwa yote mawili, na kila mmoja hushikilia lake. Unga wa Gachanja, alisema, ulikuwa majivu tu.

Phanice alirudi nyumbani bila vidole vitatu vya mguu. Wanzala alimsimulia yote, ya unga na ya mashine, nani alimaanisha nini. Phanice alimwacha amalize.

"Baba Immaculate," akasema, "mkebe uliusikiliza. Mimi nilikuambia unga unanichoma."